Ukimpa Mwenzio Wimbo, Mtajie na Mtunzi

Kupeana nyimbo ni jambo la siku nyingi. Zamani watu waliazimana santuri. Baadaye wakapeana kanda za kaseti. Leo wimbo au video hupita simu kwa simu, na mtu aliye kijijini huweza kumwona mwimbaji wa nchi ya mbali. Hilo ni jambo jema. Lakini tujiulize: wimbo ukifika mbali, mtunzi wake anapata nini? Hebu tutazame wimbo mmoja wa Afrika Kusini.

Solomon Linda alikuwa Mzulu. Alizaliwa Natal mwaka 1909, akaenda Johannesburg kutafuta kazi. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1939 yeye na kikundi chake, Evening Birds, walirekodi wimbo uitwao "Mbube", maana yake simba. Watu waliupenda mno. Lakini haki za wimbo zilikwenda kwa kampuni ya santuri, na Linda akapata shilingi 10 tu za wakati ule, yaani nusu pauni.

Basi santuri ile ikavuka bahari. Huko Marekani ilimfikia mwimbaji Pete Seeger. Neno la Kizulu hakulisikia sawasawa, ndiyo maana kikundi chake, The Weavers, kiliuita wimbo huo "Wimoweh". Mwaka 1961 kikundi kingine, The Tokens, kiliuimba kwa Kiingereza kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Ukavuma dunia nzima. Mwaka 1994 ukaingia hata katika filamu ya The Lion King.

Na Linda je? Alifariki mwaka 1962, akiwa maskini. Watu wengi waliocheza wimbo wake hawakuwahi kusikia jina lake.

Kumbe sheria ilikuwapo. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilisema kwamba miaka 25 baada ya mtunzi kufa, haki hurudi kwa warithi wake. Mwaka 2004 kesi ikafunguliwa. Februari 2006 pande mbili zikapatana. Warithi walilipwa, na Linda akatambuliwa kuwa mmoja wa watunzi wa wimbo ule. Ilikuwa imepita miaka 43 tangu afe.

Tunajifunza nini?

1. Ukimpa mwenzio wimbo, mtajie aliyeutunga na anakotoka. Jina likipotea, haki nayo hupotea.

2. Wewe mtunzi wa kwaya au ngoma, andika maneno ya wimbo wako, jina lako na tarehe. Weka karatasi hiyo mahali salama.

3. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma ukaielewa. Kama ina maneno magumu, mpe unayemwamini akueleze kwanza. Usione haya.

4. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoshughulikia haki hizo ni COSOTA. Ukitaka kusajili kazi yako, ulizia huko.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Je, nyimbo mnazoimba harusini na kwenye kilimo zilitungwa na nani? Wangapi kati yenu mnaweza kumtaja? Kama mtunzi bado yu hai, nendeni mkamwulize, mwandike jina lake.