Spidomita na Hesabu ya Meno

Mbele ya dereva wa motokaa kuna uso wa duara, mfano wa uso wa saa, wenye tarakimu na mshale. Chombo hicho huitwa spidomita, na kazi yake ni kuonyesha mwendo wa gari. Ndani ya uso huo mna dirisha dogo lenye tarakimu zinazogeuka, zionyeshazo jumla ya maili au kilometa zilizokwisha kwendwa. Watu wengi hudhani ya kuwa spidomita huipima barabara. Sivyo. Spidomita ya namna ya zamani haijui barabara hata kidogo. Hupima mzunguko wa waya mmoja tu, na mengine yote ni hesabu iliyofanywa kiwandani. Hesabu hiyo ikivurugwa, mshale huendelea kutembea vizuri kama kwanza, lakini habari yake si ya kweli.

Spidomita iliyotumika sana katika karne ya 20 ni ile ya Otto Schultze wa mji wa Strasbourg, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Ujerumani. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1902. Ndani ya chombo mna sumaku inayozungushwa na waya. Kando yake mna kikombe cha madini mepesi, kama alumini, ila sumaku na kikombe havigusani. Sumaku izungukapo huamsha umeme kidogo katika kikombe, na umeme huo hukivuta kikombe kiifuate sumaku. Lakini kikombe kimeshikwa na kamani nyembamba kama ile ya saa, nayo hukizuia. Waya ukizidi mbio, mvuto nao huzidi, na kikombe hugeuka zaidi pamoja na mshale.

Katika motokaa nyingi za Marekani, kanuni ilikuwa waya uzunguke mara 1000 katika kila maili moja. Motokaa iendayo maili 60 kwa saa humaliza maili moja kwa dakika moja. Basi waya wake huzunguka mara 1000 kwa dakika, na mshale husimama penye 60.

Waya huo huanzia katika giaboksi. Nguvu za injini huingia katika giaboksi, hutokea nyuma kwa shafti, hupita chini ya gari mpaka difu, na difu huyazungusha magurudumu. Juu ya shafti ya kutokea kuna gia ndogo ya kuendesha. Gia hiyo huizungusha gia nyingine, ya kuendeshwa, ambayo imeungana na waya. Mwanafunzi aliyeitazama baisikeli ataelewa upesi. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44, na la nyuma lina 22, pedali zikizunguka mara moja gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili. Ndivyo ilivyo katika spidomita. Gia ya kuendeshwa ikiwa na meno machache, waya huzunguka mara nyingi. Ikiwa na meno mengi, huzunguka mara chache.

Motokaa za Oldsmobile za mwaka 1940 zilikuwa za kwanza kuuzwa kwa wingi zikiwa na giaboksi ya otomatiki, yaani ibadiliyo gia yenyewe. Giaboksi hiyo iliitwa Hydra-Matic. Mwaka 1950 Chevrolet walianza kuuza motokaa zenye giaboksi ya Powerglide, iliyo na gia mbili za kwenda mbele. Na mwaka 1969 ikaja Turbo-Hydramatic 350, iliyo na gia tatu. Hata leo mafundi wa Marekani watengenezao motokaa za zamani huiondoa Powerglide na kuitia Turbo-Hydramatic 350 mahali pake. Kazi ikiisha, gari huenda vizuri kuliko kwanza, lakini mara nyingi spidomita yake imepotoka.

Kwa nini? Si kwa sababu gia mbili zimekuwa tatu. Gia za spidomita ziko nyuma ya gia zote hizo, na shafti ya kutokea haizunguki ila kwa kadiri ya difu na magurudumu. Sababu ni kwamba giaboksi hiyo imetoka katika gari jingine, lenye difu nyingine au matairi mengine. Imekuja na gia za spidomita zilizochaguliwa kwa ajili ya gari lile. Ni kama mtu avaaye miwani ya mwenziwe.

Fundi hodari hakisii, huhesabu. Mambo matatu yampasa kuyajua. La kwanza ni mzunguko wa tairi. Hutia alama ya chaki juu ya tairi na chini, hulisukuma gari mpaka alama imerudi chini tena, kisha hupima urefu. Tuseme amepata futi 6 na inchi 9 na robo. Maili moja ni futi 5280. Basi tairi hilo huzunguka mara 780 hivi katika maili moja.

La pili ni difu. Gari likisukumwa polepole, injini ikiwa imezimwa na gia zimeachiliwa, msaidizi hutazama kwa kando na kuhesabu. Magurudumu yakizunguka mara 10, na shafti ikazunguka mara 31 kasoro kidogo, difu hiyo ni ya 3.08. Kwa hiyo katika maili moja shafti huzunguka mara 780 × 3.08, yaani 2402.

La tatu ni meno ya gia ya kuendesha. Ikiwa ni 8, basi katika maili moja meno 2402 × 8, yaani 19,216, hupita. Waya watakiwa kuzunguka mara 1000. Basi 19,216 hugawanywa kwa 1000, na jibu ni 19.2. Hakuna gia yenye sehemu ya jino, kwa hiyo fundi huchagua iliyo karibu, yenye meno 19. Gari likienda maili 60 kwa saa, mshale utaonyesha 61 kasoro kidogo. Kosa hilo ni dogo, tena humfanya dereva apunguze mwendo wala si kuuongeza.

Lakini tuseme giaboksi ilitoka katika gari lenye difu ya 3.73, ikaja na gia ya kuendeshwa yenye meno 23, na fundi mvivu akaiacha hivyo. Waya utazunguka mara 835 tu katika maili moja. Dereva ataona 60, kumbe anakwenda karibu maili 72 kwa saa. Amezidi kwa sehemu moja ya tano. Wala hatari haikuzidi kwa kadiri hiyo tu, maana umbali wa kulisimamisha gari kwa breki hufuata mraba wa mwendo. Mraba wa 10 ni 100, na mraba wa 12 ni 144. Gari lililohitaji hatua 100 za kusimama sasa lahitaji 144. Mtoto akitokea ghafula barabarani, hatua hizo 44 zaweza kuwa uhai wake. Na dereva ataapa kwa haki kwamba mshale ulikuwa penye 60.

Gia nyingi za kuendeshwa zilitengenezwa kwa plastiki ya rangi mbalimbali, ili idadi ya meno ijulikane kwa rangi. Hata hivyo fundi mwangalifu huyahesabu kwa kidole. Gia yenye meno mengi ni pana zaidi, na pengine haiingii katika nyumba yake. Hapo hubadili nyumba hiyo, au gia ya kuendesha. Mwisho hulijaribu gari katika barabara kuu yenye alama za maili, saa ikiwa mkononi mwa mwenziwe. Mshale ukikaa penye 60, na maili moja ikaisha kwa sekunde 60, kazi imetimia.

Motokaa za siku hizi hazina waya huo. Kifaa cha umeme huhesabu mizunguko na kuipeleka katika kompyuta, na marekebisho hufanywa kwa kuandika tarakimu mpya. Hata hivyo kanuni haikubadilika. Kila chombo cha kupimia husema kwa kipimo kilichowekewa; kipimo kikibadilika, sharti hesabu ifanywe upya.

Maswali

1. Kwa nini wingi wa gia za giaboksi hauiharibu spidomita?
2. Motokaa ina difu ya 3.73, na tairi lake huzunguka mara 780 katika maili moja. Gia ya kuendesha ina meno 8. Gia ya kuendeshwa yafaa iwe na meno mangapi?
3. Ni kosa lipi lenye hatari zaidi: mshale kuonyesha zaidi ya mwendo wa kweli, au pungufu? Eleza sababu.