Kabla Hujalipia Kompyuta ya Gemu Dodoma

Muuzaji akikuambia, "Hii ni Core i7, grafiki GB 4, inacheza gemu zote," usitoe hela kwanza. Mwombe aiwashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha GPU. Ukikuta Intel HD au UHD peke yake, zile GB 4 ni RAM ya kawaida ambayo grafiki inaiazima, kadi hamna. Kinachohesabika ni kumbukumbu iliyoandikwa Dedicated. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayenunua kwa hela ya boom (mkopo wa kujikimu), dakika hiyo moja ina thamani kubwa kuliko maneno yote ya dukani.

Jina i7 nalo linauza sana, lakini angalia tarakimu zinazofuata. i7-4600U ya mwaka 2013 ina viini 2 tu. i5-8250U ya 2017 inavyo 4. Ya pili inaipita ya kwanza mbali.

Tuseme unataka EA Sports FC 24. Kiwango chake cha chini ni prosesa i5-6600K, RAM GB 8, kadi GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100. Laptopu nyembamba za ofisini zilizotumika, kama HP EliteBook 840 G3, hazifiki hapo, na kadi ya ndani huwezi kuziongezea. Ningekushauri kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, mfano Dell OptiPlex 7050 yenye i5-7500, kisha uitafutie GTX 1650. Kadi hiyo inatumia wati 75, na matoleo mengi yake hayahitaji waya wa ziada kutoka pawa saplai. Ila pima kasha kabla ya kununua: lile jembamba linapokea kadi fupi tu, na ukibeba ya kawaida utarudi nayo dukani. Kasoro nyingine isifichwe: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-7500 haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11.

Umeme usikutishe. Mashine inayokula wati 150 kwa saa 3 kila siku inamaliza uniti 13.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni kama 4,800.

Gharama inayouma ni kulipakua gemu lenyewe. Mwaka 2021 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliweka bei ya chini ya kifurushi kuwa shilingi 2.03 kwa MB. Kwa bei hiyo ya chini kabisa, GB 100 ni shilingi 203,000! Hela hiyo ni heri iingie kwenye kadi. Kama mtaani kwenu faiba imefika, lipakulie huko. Au mfuate rafiki mwenye gemu hilohilo: tangu 2023 Steam, duka la gemu la mtandaoni, inaruhusu kulihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao mmoja wa ndani, bila kula bando, mradi kila mmoja amelinunua kwenye akaunti yake.

Kwa vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, mwambie fundi afungue kasha mbele yako, apulize feni na abadilishe pesti ya prosesa. Kisha ichezee gemu hapohapo dukani nusu saa. Ikianza kukwama baada ya kupata joto, iache.