Macho Yakiwasha, Usilaumu Mwanga wa Buluu Pekee

Iwapo unafanya kazi ya kompyuta mjini Nyeri, Karatina au Nanyuki na jioni macho yanawasha, usikimbilie miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Mapitio ya tafiti 17 yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2023 yalionyesha kwamba huenda isipunguze uchovu wa macho. Ukiikodolea skrini, hupepesi kope vya kutosha, na macho hukauka. Kila dakika 20, tazama mbali kwa sekunde 20. Mlima Kenya unatosha, mawingu yakiruhusu. Mwanga huo huchelewesha usingizi, hivyo usiku punguza mng'ao wa skrini. Ukiona ukungu, nenda hospitalini upimwe macho na sukari: kisukari hupofusha.