Je, zilzala yaweza kuishinda nyumba iliyojengwa kwa kanuni?

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, wengi wetu huku pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja, tulihisi ardhi ikiyumba. Zilzala ilitokea baharini, karibu na pwani ya Tanzania. Tukashukuru Mungu, tukasahau.

Wenzetu wa Migori na Homa Bay wasisahau. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, likaua watu wasiopungua 17. Homa Bay yenyewe iko kwenye tawi la Bonde la Ufa linaloelekea ziwani, na Mlima Homa ni volkano ya kale. Isitoshe, Kenya iliwahi kupata tetemeko la 6.9 huko Subukia, tarehe 6 Januari 1928.

Sasa, mwenye kujenga ghorofa huko akifuata kanuni zote, je, ardhi yaweza kutikisika kupita kiasi alichojengea?

Naam, yaweza. Katika nchi nyingi, wahandisi huchagua kiwango cha mtikisiko ambacho uwezekano wake wa kupitwa katika miaka 50 ni asilimia 10, yaani nafasi moja kati ya kumi. Christchurch, New Zealand, yalitokea Februari 2011: tetemeko la 6.2 tu, lakini karibu na mji na si kwa kina kirefu. Katikati ya mji mtikisiko ulipita kiwango cha kanuni, na watu 185 wakafa.

Basi kipimo cha tetemeko peke yake hakitoshi. Umbali una neno, na udongo pia. Penye mwamba nyumba hutikisika kidogo. Penye udongo laini wa kando ya ziwa, mtikisiko huongezeka.

Kwa hiyo nyumba ijengwe hivi kwamba ikizidiwa ipasuke bila kuwaangukia watu. Nondo za nguzo zifungwe kwa pete za chuma zilizokaribiana. Lenta izunguke kuta zote bila kukatika. Ghorofa ya chini isiachwe wazi juu ya nguzo nyembamba kwa ajili ya maduka. Na udongo upimwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Muulize mhandisi wako mambo haya kabla zege halijamwagwa. Likishakauka, nondo hazionekani tena.