Kreti kwanza, chumba cha baridi baadaye

Mfanyabiashara wa Nyasubi, mjini Kahama, akinunua tenga la nyanya, hulipia pia mtikisiko wa safari nzima. Lori linalotoka Ilula, mkoani Iringa, hupita Dodoma, Singida na Nzega, mwendo wa zaidi ya kilomita 700. Hasara haionekani mzigo unaposhushwa. Hujitokeza baada ya siku moja au mbili, nyanya zinapolainika na kuvuja maji mezani.

Malori mengi yana springi za chuma, na mtikisiko wake mkubwa huwa kati ya mara 2 na 20 kwa sekunde. Nyanya za juu hurukaruka na kusuguana, za chini hubanwa na uzito, na zilizo pembeni huchanwa na mbao. Lumbesa, yaani kujaza tenga kupita ukingo, huzidisha madhara, kwani nyanya zilizopita ukingo ndizo zinazobeba tenga la juu yake. Tunda lililochubuka hupumua kwa kasi, hupoteza maji, hutoa gesi ya ethilini inayoivisha mengine, na ukungu hupata pa kuingilia.

Wengi hudhani dawa ni chumba cha baridi. Kina faida kubwa: joto likishuka kwa nyuzi 10, upumuaji wa tunda hupungua kwa nusu au zaidi. Lakini baridi haiponyi jeraha. Stroberi, zinazolimwa Lushoto na Mbeya, hutunzwa karibu na nyuzi 0, ila zikishapondwa njiani huota ukungu wa kijivu hata ndani ya jokofu. Nyanya nayo ina mpaka wake: ikikaa siku nyingi chini ya nyuzi 10, hasa ikiwa bado mbichi, baridi yenyewe huiharibu.

Kwa hiyo fedha ianze kwenye ufungashaji. Kreti za plastiki zenye kuta laini, zijazwe bila kuzidi ukingo na zifungwe zisicheze. Nyanya za safari ndefu zichumwe zinapoanza kubadilika rangi. Nyuma ya lori, kunakotikisika zaidi, vipakiwe vitunguu au maboga.

Kahama ina wanunuzi wa mjini na wa ukanda wa migodi hadi Geita. Wafanyabiashara wa Nyasubi wakiungana kununua kreti na kukataa lumbesa shambani, wataokoa mtaji mwingi kuliko watakaouokoa kwa jokofu lililojaa nyanya zilizokwisha kupondeka.