Mbu Kaondoka, Muwasho Umebaki

Mbu jike akitua kwenye kifundo cha mguu, ule mdomo mrefu tunaouona kwa macho hauingii kwenye ngozi. Ni ala tu. Hukunjika kurudi nyuma na kuziachia sindano sita zilizomo ndani yake. Mbili zina meno ya kukatia, mbili hutanua njia, moja hufyonza damu na ya sita hutema mate. Hiyo ya sita ndiyo inayotuhusu sisi tunaokaa nje jioni.

Mate hayo yana protini zinazozuia damu isigande, ili mbu ashibe bila kukwama. Mwili huzitambua kuwa ni ngeni. Seli za kinga zilizotawanyika ndani ya ngozi humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja maji, neva za muwasho huamka, na ndani ya dakika 20 hivi kipele kimeshatuna. Kwa watu wengi mambo hayaishii hapo. Siku ya pili hutokea uvimbe mgumu zaidi, nao huwasha kwa muda mrefu kuliko ule wa kwanza. Ndiyo maana mtu huamka akimlaani mbu wa chumbani, kumbe aliumwa jana yake akiwa barazani.

Kwa hiyo hakuna sumu ya kuua pale kwenye kipele. Wanaopaka mafuta ya taa au dawa ya meno wanapigana na adui asiyekuwepo, na mara nyingi huishia kubabua ngozi iliyokwisha kukasirika. Ndimu ni mbaya zaidi kama utakaa juani, kwa sababu maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya wiki kadhaa. Kinachotakiwa ni kuutuliza mwili wenyewe. Hilo pia linaeleza kwa nini mtoto mdogo huvimba kuliko babu yake aliyeumwa na mbu walewale maisha yake yote: mwili wa mzee umeyazoea mate yao.

Na kujikuna? Januari 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao juu ya panya. Kujikuna huamsha neva za maumivu. Neva hizo humwaga kemikali ambayo huzichochea upya seli zilezile zilizoanzisha muwasho. Panya waliozuiwa kujikuna walivimba kidogo kuliko wenzao. Uchunguzi huohuo uliona kwamba kujikuna kulipunguza bakteria juu ya ngozi, jambo ambalo huenda likawafurahisha wenye kucha ndefu. Lakini aliyewahi kumwosha mikono mtoto aliyetoka kuchezea udongo anajua bakteria wangapi wanarudishwa palepale.

Anza na maji na sabuni, kisha ubaridi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, ikae dakika 10, inatosha kwa vipele vingi. Huko shambani au kambini ambako barafu haipo, lowesha kitambaa, kifunge kwenye chupa ya maji na uitundike kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kwenye kitambaa huipoza chupa, nayo utaiegemeza kwenye kipele. Losheni ya kalamini husaidia, na krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 husaidia zaidi, mradi ngozi haijachanika. Kama vipele ni vingi, muulize mfamasia kuhusu vidonge vya aleji. Setirizini haileti usingizi sana, ila klofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, haimfai mtu atakayeshika usukani.

Baking soda pia hutumika: kijiko kimoja cha chakula na maji kidogo hadi iwe uji mzito, paka, subiri dakika 10, osha. Usiweke badala yake magadi ya kupikia maharage. Hayo ni makali zaidi na yatakuchubua.

Wadudu wengine wana mambo yao. Mbung'o huvutwa na nguo za bluu na nyeusi, kwa hiyo anayekwenda Tarangire au Serengeti ni heri avae kaki. Yule mdudu mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, anayejaa kwenye taa baada ya mvua na ambaye Kenya humwita Nairobi fly, haumi kabisa. Akipondwa juu ya ngozi ndipo majimaji yake huunguza, na malengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa. Mpulize aende zake, kisha osha mahali alipopita.

Midomo ikivimba, pumzi ikikaza au mtu akiishiwa nguvu baada ya kuumwa, hasa na nyuki au nyigu, hiyo si kazi ya krimu, mkimbizeni hospitali. Kipele kikiwa cha moto, kikitoa usaha na wekundu ukitambaa, ni maambukizi yanayohitaji kuonwa na mganga wa zahanati. Kuhusu malaria, kipele chenyewe hakisemi lolote, maana mbu aliyebeba vimelea na asiyebeba huwasha sawasawa. Homa ikija wiki moja au zaidi baada ya safari, nenda kapime, na umweleze mhudumu ulilala wapi, hata kama vipele vimeshapona.