Tepurekoda ya Magurudumu: Namna ya Kuipata na Kuitunza

Kabla kaseti hazijaenea, watafiti wengi wa lugha katika Afrika Mashariki walinasa sauti za wazungumzaji kwa tepurekoda ya magurudumu mawili. Kanda hutoka gurudumu la kushoto, hupita mbele ya vichwa vya sumaku, kisha hujiviringa katika gurudumu la kulia. Baadaye mashine hizo zilitupwa stoo, lakini kanda zimebaki makabatini. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata mashine ya aina hiyo leo na kuitunza, kwani bila mashine nzima kanda hizo ni bubu.

Naandika haya kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu alinikabidhi kanda 4 alizorekodi zamani akizungumza na wazee wa Bombo kuhusu Kiswahili cha jeshini. Kwa pupa nilinunua mashine kuukuu, nikaiwasha siku hiyo hiyo na kuweka kanda ya kwanza. Haikupita dakika 5 sauti ikafifia. Nilipofungua nilikuta unga wa kahawia umeganda kwenye vichwa na kanda imekunjamana. Mzee aliyekuwa akisimulia ameshafariki, na sehemu ile ya masimulizi yake haitasikika tena.

Kwa nini tusingoje

Mwaka 2019 UNESCO pamoja na Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha, IASA, walianzisha kampeni ya kutahadharisha wenye kanda za sumaku. Hoja yao ni kwamba vipuri na mafundi wa mashine hizi wanatoweka, na mwaka 2025 ulitajwa kuwa kama mpaka wa kufanya kazi hiyo bila taabu kubwa. Mwaka huo umekwisha kufika.

Hapa Uganda tunao mfano mwema. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948 hadi 1957, alirekodi muziki wa jamii nyingi za nchi hii. Rekodi zake zilihifadhiwa London, na baadaye nakala zikarejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. Zimerudi kwa sababu kuna watu waliozitunza na waliokuwa na vyombo vya kuzisikiliza.

Kabla ya kununua

Anza na kanda, si mashine. Soma ganda lake: je, ilirekodiwa kwa mwendo gani? Mwendo wa kawaida ni sentimita 19, 9.5 au 4.75 kwa sekunde. Kanda ya 9.5 ikichezwa kwa 19, sauti ya mzee hugeuka ya mtoto. Aidha, chunguza idadi ya njia za sauti. Kanda yenye njia 4 ikiwekwa kwenye mashine ya njia 2, huweza kukusikilizisha mtu mmoja akizungumza na mwingine kinyumenyume kwa wakati mmoja.

Kisha pima ukubwa wa gurudumu. Uher 4000 Report, mashine ya kubeba begani iliyopendwa na watafiti na wanahabari, huchukua magurudumu ya sentimita 13 tu. Revox A77 na B77, ambazo ni za mezani, huchukua hadi sentimita 26.5.

Angalia pia umeme. Mashine ya Marekani huhitaji transfoma ya kupunguza volti 240 za kwetu. Hata hivyo transfoma haibadilishi mizunguko: kule ni 60 kwa sekunde, huku ni 50. Baadhi ya mota hufuata mizunguko hiyo, kwa hiyo mashine itakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita. Kwa anayechunguza kiimbo, hilo ni kosa kubwa.

Kuitunza mashine

1. Mashine iliyolala miaka mingi usiichomeke moja kwa moja ukutani. Mpelekee fundi wa redio akague kapasita, fyuzi na mikanda ya mpira, ambayo huyeyuka ikawa kama lami.

2. Tumia kidhibiti umeme, maana umeme wetu hupanda na kushuka.

3. Safisha vichwa na njia ya kanda kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili. Kiroda cha mpira kipanguse kwa maji yenye sabuni kidogo na ukikaushe vizuri, kwa kuwa alkoholi huweza kukausha mpira.

4. Vichwa hujikusanyia sumaku, nayo hudhuru sauti. Fundi aiondoe kwa kifaa chake mara kwa mara, mashine ikiwa imezimwa na kanda zikiwa mbali.

5. Jaribu mashine kwa kanda isiyo na thamani kwanza. Hapo ndipo nilipokosea.

Kuikagua kanda

Nusa kanda. Ikinuka siki, ni ya asetati na imeanza kuoza. Ukilishika gurudumu mbele ya taa, asetati hupitisha mwanga lakini poliesta haipitishi. Kanda nyingi za poliesta za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa mwingine: gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, kanda ikalia kama mlango usiotiwa mafuta na kuacha uchafu. Ukiona hivyo, simamisha mara moja. Wataalamu huweza kuipasha joto la wastani kwa saa kadhaa ili ichezeke kwa muda. Asetati haipashwi joto kamwe, na jiko la nyumbani si mahali pa kazi hiyo.

Kanda ikiwa salama, icheze mara moja huku ukiinakili kwenye kompyuta, uhifadhi nakala mahali pawili. Kisha iweke wima katika ganda lake, mbali na jua, spika na unyevu.

Kanda 3 za yule mwalimu zimeshanakiliwa, na wanafunzi wetu wanazisikiliza. Natoa wito kwa kila msomaji achungulie kabati la idara yake. Ukikuta kanda, usiicheze kwanza. Andika yaliyo kwenye ganda, umtafute fundi, ndipo uisikilize.